Diski za mashine pepe na amri mbili zinazopaswa kufika chini

Mtu anayeandaa seva ya kuendeshea mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa kwa programu, kwa kawaida hutumia muda mwingi kufikiria idadi ya kori za prosesa na ukubwa wa RAM, kisha diski huzipa dakika chache za mwisho: hukubali ukubwa uliopendekezwa na programu, hubonyeza kitufe cha kuendelea, na kazi huonekana imekwisha. Kwa uzoefu wangu, vipaumbele hivyo vimepinduliwa. Mgeni, yaani mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe, akipewa RAM kidogo unaweza kumwongezea kesho ukasahau, lakini mgeni ambaye diski yake iliwekwa vibaya atakusumbua miezi mingi baadaye, wakati ambapo ndani yake tayari kuna hifadhidata ya watu na hakuna anayekubali izimwe hata kwa nusu saa.

Nitakayoyaeleza yanahusu seva ya Debian inayotumia KVM, QEMU na libvirt (programu ya kuzisimamia hizo mbili), kwa sababu huo ndio mpangilio ninaoushughulikia kila siku. Anayetumia Proxmox, mfumo wa kusimamia mashine pepe kupitia kivinjari, atayakuta mambo yaleyale nyuma ya kurasa zake za kubofya, kwa kuwa ndani yake kuna KVM na QEMU hizohizo. KVM, inayoiwezesha Linux kuendesha mashine pepe, iliingizwa kwenye kerneli (kiini) ya Linux toleo la 2.6.20 mwezi Februari 2007, na QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ndiyo inayomwonyesha mgeni vifaa anavyodhani ni vya kweli, diski zikiwemo. Nikisema mwenyeji namaanisha mfumo endeshi uliosakinishwa kwenye seva yenyewe, na nikisema mgeni namaanisha ule unaoendeshwa ndani ya mashine pepe.

Hifadhidata iliyoko ndani ya mgeni inapoandika rekodi moja, data hiyo hupita kwenye mfumo wa faili wa mgeni na kache ya kerneli yake (RAM inayoshika data kwa muda), kisha hupokelewa na draiva ya virtio (kiunganishi cha mgeni na QEMU) na kufikishwa kwa QEMU, kutoka hapo huenda kwenye faili au volyumu ya mwenyeji, pengine kupitia kache ya mwenyeji pia, halafu kwenye kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa) kama ipo, na mwisho kwenye bufa ya diski, yaani kumbukumbu yake ya muda, kabla ya kukaa mahali pake. Kila tabaka linaamini kwamba lililo chini yake ni diski. Linaweza kubadilisha anwani, kuchelewesha, au kukusanya maandishi madogo mengi yakawa moja kubwa, na yote hayo hayana madhara mradi amri mbili zipite zikiwa kamili. Ya kwanza ni pale mgeni anaposema: usinijibu mpaka data hii iwe imekaa mahali ambapo umeme ukikatika haitapotea. Hiyo nitaiita amri ya uthibitisho. Ya pili ni pale anaposema: sehemu hii ya diski siihitaji tena, itumieni mtakavyo. Hiyo nitaiita amri ya kuachia nafasi. Karibu kila tatizo la diski za wageni nililoitwa kulitazama lilikuwa na tabaka moja lililoizuia mojawapo ya amri hizi, mara nyingi kwa sababu mtu alitaka kuongeza kasi.

Ndiyo maana uamuzi wa kwanza, yaani mahali diski ya mgeni itakapokaa, naufanya kwa nia ya kupunguza matabaka. Ukiziacha programu za libvirt zijiamulie, mara nyingi utapata faili ya qcow2 (umbizo la diski la QEMU) ndani ya `/var/lib/libvirt/images`. Si chaguo baya. Faili hiyo huanza ikiwa ndogo, hukua kadiri mgeni anavyoandika, hukubali snapshoti (nakala ya hali ya diski kwa wakati fulani), na inahamishwa kama faili nyingine yoyote. Ndani yake imegawanywa katika klasta za kilobaiti 64, na kila klasta ina kumbukumbu ya baiti 8 kwenye jedwali linaloonyesha mahali ilipo. Maana yake ni kwamba megabaiti 1 ya jedwali ikishikwa kwenye RAM inatosha kwa gigabaiti 8 tu za diski. Tangu QEMU 3.1, kache ya jedwali hilo inaruhusiwa kukua hadi megabaiti 32 kwenye Linux, ambazo zinatosheleza diski ya gigabaiti 256. Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni kwamba qcow2 ni nzito uliandikwa kabla ya badiliko hilo, na watu wanaendelea kuurudia bila kupima.

Hata hivyo, kwa seva ya kazi napendelea diski ghafi, isiyo na umbizo la ziada, iliyo juu ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski kuwa volyumu), kwenye bwawa linalogawa nafasi kadiri inavyotumika. Bwawa hilo linanipa snapshoti na ukuaji ambao ningeutafuta kwenye qcow2, na linaondoa tabaka zima la mfumo wa faili wa mwenyeji. Nabakisha qcow2 kwa maabara na kwa violezo, ambako wageni wengi wanarithi faili moja ya msingi:

```
qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 mgeni1.qcow2
```

Faili ya msingi ikishakuwa na warithi haipaswi kuwashwa wala kuandikwa tena. Ipe ruhusa ya kusomwa tu siku hiyohiyo, kwa sababu badiliko dogo ndani yake linawaharibu warithi wote kwa pamoja na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea wakati wa kufanya hivyo.

Bwawa lenyewe huundwa kwa amri chache. Tuseme kuna diski ya NVMe ya terabaiti 1, ambayo Linux ikiihesabu kwa mizani yake inaonyesha kama gigabaiti 931:

```
apt install thin-provisioning-tools
pvcreate /dev/nvme1n1
vgcreate vg_wageni /dev/nvme1n1
lvcreate --type thin-pool -L 800G -n bwawa vg_wageni
lvcreate -V 60G --thinpool bwawa -n hesabu vg_wageni
```

Angalia kwamba sikulipatia bwawa diski yote. Gigabaiti zaidi ya 100 zilizobaki ndizo zitakazoniokoa siku bwawa litakapokaribia kujaa, na bila akiba hiyo njia pekee iliyobaki ni kununua diski nyingine kwa haraka. Kisha mgeni anaunganishwa na volyumu yake kwa maelezo haya ndani ya faili yake ya libvirt:

```
<disk type='block' device='disk'>
  <driver name='qemu' type='raw' cache='none' io='native'
          discard='unmap' error_policy='stop'/>
  <source dev='/dev/vg_wageni/hesabu'/>
  <target dev='vda' bus='virtio'/>
</disk>
```

Mstari wa `driver` ndio unaobeba karibu kila kitu ninachotaka kukisema, basi nianze na neno `cache`.

Thamani ya `none` haina maana kwamba hakuna kache popote. Ina maana kwamba QEMU inairuka kache ya kerneli ya mwenyeji, hivyo data haishikwi mara mbili kwenye RAM, lakini bufa ya diski bado inatumika, na amri ya uthibitisho kutoka kwa mgeni inapitishwa hadi chini kama kawaida. Thamani ya `writeback` inatumia kache ya mwenyeji, na wengi wanaiogopa wakidhani ni hatari. Nayo pia inaheshimu amri ya uthibitisho, kwa hiyo mgeni wa kisasa anayeituma kwa wakati hana cha kupoteza zaidi ya kile ambacho angekipoteza kwenye diski ya kawaida. `writethrough` inathibitisha kila andiko hata kama mgeni hakuomba. Inawafaa wageni wa zamani sana wasiojua kutuma amri hiyo, na kwa wengine ni kupoteza kasi bure. Inayobaki ni `unsafe`, ambayo inaipokea amri ya uthibitisho, inajibu kwamba imetekelezwa, na haifanyi chochote. Jina lenyewe linaonya, na bado nimeikuta kwenye seva za uzalishaji kwa sababu mtu alipima kasi, akafurahia namba, akaiacha. Matumizi yake halali ni wakati wa kusakinisha mfumo ambao ukiharibika utaanza upya bila hasara.

Kwetu huku, ambako umeme hukatika bila taarifa na betri za UPS huachwa mpaka zivimbe, jambo hili lina uzito. Lakini hata `cache='none'` haikulindi iwapo uongo uko chini zaidi. Kadi za RAID zenye bufa huja na betri au kapasita ili data iliyomo isipotee umeme ukikatika. Betri ikifa, kadi iliyosanidiwa vizuri huacha kutumia bufa hiyo kwa maandishi na kasi hushuka ghafla, jambo ambalo huwafanya wasimamizi wengine kuilazimisha iendelee kuitumia hata bila betri, na tangu hapo kila mgeni juu yake anapewa uthibitisho usio na dhamana.

Njia ninayoitumia kugundua hali hiyo haihitaji kifaa chochote. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo programu moja inayoandika mahali palepale na kusubiri uthibitisho kila mara haiwezi kwa haki kupata majibu mengi zaidi ya takribani 120 kwa sekunde. PostgreSQL huja na programu ndogo iitwayo `pg_test_fsync` inayopima jambo hilo hasa. Iendeshe ndani ya mgeni, kwenye saraka iliyoko juu ya diski unayoitilia shaka. Ikikupa maelfu kwa sekunde juu ya diski za sahani, na unajua hakuna bufa yenye betri hai, basi kuna tabaka linalodanganya, na kazi yako ni kushuka tabaka kwa tabaka mpaka ulipate. Kwa SSD hesabu ni tofauti: zile za seva zina kapasita zinazoziwezesha kumaliza kuandika baada ya umeme kukatika, hivyo hujibu haraka bila kudanganya, ilhali SSD nyingi za kompyuta za nyumbani hujibu polepole sana zikiombwa uthibitisho wa mfululizo, na hifadhidata iliyo juu yake hulalamikiwa kwa kosa lisilo lake.

Sasa amri ya pili. Bwawa la gigabaiti 800 linaweza kuahidi wageni 20 gigabaiti 60 kila mmoja, jumla gigabaiti 1,200, na hakuna anayekuzuia. Unafanya kama wakala wa mabasi anayeuza tikiti kuliko viti kwa sababu anajua abiria wote hawafiki. Kama kila mgeni anatumia gigabaiti 15, bwawa limebeba 300 na mambo ni shwari. Tatizo ni kwamba mgeni hakai na gigabaiti 15 zilezile. Masasisho yanashushwa, yanafunguliwa na kufutwa. Faili za kumbukumbu za matukio zinaandikwa na kuzungushwa. Faili za muda za hifadhidata zinazaliwa na kufa. Mfumo wa faili ukifuta kitu, unafuta jina lake na kuandika kwamba bloku zake ziko huru, lakini bwawa lililo chini halijui lolote. Kwalo, bloku iliyowahi kuandikwa mara moja ina mwenyewe. Mgeni ataendelea kuonyesha gigabaiti 15 kwa amri ya `df` huku volyumu yake ikipanda taratibu kuelekea 60, na wenzake 19 wakifanya vivyo hivyo.

Dawa ni `discard='unmap'` kwa upande wa mwenyeji, na `fstrim`, programu inayotuma amri ya kuachia nafasi, kwa upande wa mgeni. Kipima saa cha systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) kiitwacho `fstrim.timer` hufanya kazi hiyo mara moja kwa wiki, usiku wa kuamkia Jumatatu, na katika baadhi ya mifumo ni lazima ukiwashe mwenyewe. Napendelea utaratibu huo wa kila wiki kuliko kuweka chaguo la `discard` kwenye `/etc/fstab` (faili inayoorodhesha diski za kupandishwa), kwa sababu bwawa huachia nafasi kwa vipande vikubwa, visivyopungua kilobaiti 64 kila kimoja, na vifutio vidogovidogo vya kila dakika mara nyingi havijazi kipande kizima. Ukiwa na wageni wengi, hakikisha kipima saa chao kina ucheleweshaji wa kubahatisha ili wasilianze zoezi hilo wote kwa dakika moja.

Kabla ya kumwamini mgeni, ingia ndani yake na uandike `lsblk -D`. Safu za DISC-GRAN na DISC-MAX zikionyesha 0B, amri ya kuachia nafasi haitoki nje ya mgeni hata kidogo, na `fstrim` itakujibu kwamba operesheni hiyo haiungwi mkono. Sababu inayowashangaza wengi ni umri wa mgeni. Diski za virtio-blk, kama ile ya `bus='virtio'` hapo juu, zilipata uwezo huu kwenye QEMU 4.0 na kerneli ya Linux 5.0, na mgeni aliyeundwa kabla ya hapo anaendelea kubeba aina ya mashine (muundo wa kompyuta anaoonyeshwa na QEMU) ya zamani, kwa mfano `pc-i440fx-3.1`, hata baada ya kuhamishiwa kwenye seva mpya kabisa. QEMU inamficha uwezo huo makusudi ili asione vifaa vyake vimebadilika. Ukibadilisha aina ya mashine kwenye faili yake na kumwasha upya, au ukimhamishia kwenye virtio-scsi, aina nyingine ya diski ya virtio, ambayo ilikuwa na uwezo huo mapema zaidi, amri inaanza kupita. Ukichagua njia ya pili kumbuka kwamba `/dev/vda` itageuka `/dev/sda`, na kama `/etc/fstab` haitumii UUID (namba ya utambulisho ya mfumo wa faili), hatawaka.

Bwawa likijaa hata hivyo, kerneli inasimamisha maandishi kwa sekunde 60 ikitumaini utaliongeza, kisha inaanza kurudisha makosa. Hapo ndipo `error_policy='stop'` inapofaa: badala ya kosa kupenya ndani na kuufanya mfumo wa faili wa mgeni uvurugike au ujifunge kwa kusomwa tu, QEMU inamgandisha mgeni palepale alipo. Unaongeza bwawa kwa `lvextend`, unaandika `virsh resume`, naye anarudia andiko lile kana kwamba hakuna kilichotokea. Afadhali zaidi ni kutofika huko. Ndani ya `/etc/lvm/lvm.conf` weka `thin_pool_autoextend_threshold` iwe 80 na `thin_pool_autoextend_percent` iwe 10. Kiwango cha mwanzo ni 100, ambacho maana yake ni kwamba ukuzaji wa kiotomatiki umezimwa. Unapotazama `lvs`, amri inayoorodhesha volyumu, usitazame safu ya Data% (asilimia ya nafasi iliyotumika) peke yake. Safu ya Meta% ni ya majedwali ya bwawa, nayo ikijaa mambo huwa magumu kuliko data kujaa, kwani bwawa hukataa kuandikwa na huenda likahitaji kutengenezwa kwa `lvconvert --repair` likiwa limezimwa.

Ndani ya mgeni sipendi mapambo. Mfumo endeshi unapata diski yake, data inapata diski ya pili, na eneo la swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), kama lipo, linapata ya tatu ili lisibebwe kwenye snapshoti wala nakala rudufu. Diski ya data haina patisheni wala LVM nyingine ndani yake; mfumo wa faili unakaa juu ya `/dev/vdb` moja kwa moja. Siku nafasi inapohitajika, kazi nzima ni mistari mitatu, mgeni akiwa anaendelea na shughuli zake:

```
lvextend -L 120G vg_wageni/hesabu-data
virsh blockresize hesabu vdb 120G
xfs_growfs /srv
```

Mstari wa tatu unaandikwa ndani ya mgeni kwa mfumo wa faili wa XFS, na kwa ext4 unakuwa `resize2fs /dev/vdb`. Kupunguza ni habari nyingine: ext4 hupunguzwa ikiwa imeshushwa tu (yaani haitumiki kwa wakati huo), na kwa XFS jiandae kuhamisha data kwenye diski mpya. Kwa hiyo anza na ukubwa mdogo.

Wageni wa Windows wanahitaji draiva za virtio-win kwenye CD ya pili wakati wa kusakinisha, la sivyo kisakinishi kitasema hakioni diski yoyote. Wengi hukata tamaa hapo na kuwapa diski ya aina ya IDE, ambayo ni polepole bila sababu. Amri ya kuachia nafasi kwao ni `Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim`. Na anayeweka faili za diski juu ya Btrfs, mfumo mwingine wa faili wa Linux, aipe saraka yake `chattr +C` kabla ya kuweka faili yoyote ndani, akijua kwamba kwa kufanya hivyo anapoteza ukaguzi wa uhalali wa data kwa faili hizo.

Kila mgeni mpya namkagua kabla ya kumkabidhi. Uthibitisho napima kwa `pg_test_fsync` kama nilivyoeleza. Kuachia nafasi napima kwa kuandika faili ya gigabaiti 5 ndani ya mgeni, nikitumia `/dev/urandom` ili data isiwe sifuri tupu:

```
dd if=/dev/urandom of=/jaribio bs=1M count=5120 conv=fsync
```

Kwa mwenyeji, `lvs` itaonyesha volyumu ya gigabaiti 60 imepanda kwa takribani asilimia 8. Nafuta faili, naandika `fstrim -v /` ndani ya mgeni, na kutazama tena. Kwenye ext4, `fstrim` ya pili mfululizo inaweza kuripoti karibu baiti 0, kwa sababu mfumo huo unakumbuka maeneo uliyokwisha kuyaachia tangu ulipopandishwa. Hilo si hitilafu. Ninachokiangalia ni Data% kwa upande wa mwenyeji. Ikirudi karibu na ilipokuwa, mgeni yuko tayari. Isiporudi, hapewi mtu mpaka nimepata tabaka lililoizuia amri hiyo.